Kisanduku Nilichokiita Mgeni

Teta wangu,

Gauni la bluu nimelikunja juu kabisa ya sanduku lako, na ukilitazama vizuri utaona upindo wake umepanda upande wa kushoto. Usimlaumu fundi, huo ni mkono wangu. Najua utashangaa, maana tangu uko darasa la nne nguo zako zote zimepitia kwa Tanti Zaituni kule Nyakabanda, na yule mama akishona kitu kinanyooka. Safari hii alinirudishia gauni likiwa bado na pini zake, akasema upindo nitaumalizia mwenyewe. Nimeumalizia, nimejichoma vidole mara tatu, na sasa nakaa kukueleza ilikuwaje.

Mambo ya chaja, vyeti na nani atakupokea sitayagusa. Baba yako ameyaandika kurasa mbili, kayapigia mistari, na unamjua, njiani atakusomea tena. Wewe umeshuka mtaa wa Gitega kuaga rafiki zako, na kwa jinsi mnavyoagana nyinyi nina saa mbili nzuri kabla jua halijazama. Ninaandika kwa sababu Jumapili nilipaswa kusema, na mdomo ukanigomea.

Unaikumbuka Jumapili. Tumemaliza kula, ukasogeza sahani, ukafungua laptopu, ukaniita nije nione, eti mhandisi mzee. Ulikuwa unanionyesha mchoro wa mfumo wa kompyuta utakaoanza nao kazi Nairobi, ule wa wodi za wazazi, ambao wenyewe wameshaukubali hata kabla hujafika. Nikavaa miwani. Kazi safi, mwanangu, nakwambia bila kukupaka mafuta. Umeitenga maabara na wodi, kila moja na mlango wake. Umeweka ile ruwaza ya wasikilizaji, kwamba jibu la kipimo likitoka, kila aliyejiandikisha kulisikia anaambiwa papo hapo. Nilijisikia raha ya mzazi kabisa. Halafu pembeni, chini kulia, nikaona kisanduku kidogo umekiandika Mgeni.

Ukasema umekiiba kwangu. Ulikikuta kwenye daftari langu la michoro, lile la jalada jekundu lililokuwa stoo. Nikasema, nzuri. Kisha nikainuka kwenda kuepua sufuria, na jikoni hapakuwa na sufuria yoyote motoni. Ukanicheka kwamba uzee umebisha hodi. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya jiko la baridi, nimeshika kitambaa.

Kisanduku hicho kinanifuata mwaka wa kumi na nne sasa. Nilidhani nimekiacha kwenye daftari, kumbe kilikuwa kinakungoja wewe ukue.

Unajua mimi nimekulia Mwanza. Kinyarwanda changu nilikileta hapa kikiwa nusu, na hata sasa shangazi zako wakianza kuzungumza haraka natabasamu tu. Kichwani nilileta kitu kingine, ruwaza za kujengea programu. Wewe umezisoma muhula mmoja ukafanya mtihani ukapita. Sisi tulizipokea kama neno la Mungu. Suluhisho lililokwisha kujaribiwa na watu wenye akili, lina jina, lina mchoro, wewe unalichukua unalibandika kwenye tatizo lako unasonga mbele. Nilizijua zote kwa moyo. Hospitali moja ya hapa mjini ilipotaka mfumo wa wodi ya wazazi, msanifu mkuu nikawa mimi, na sikulala kwa furaha.

Aliyenielewesha kazi ya wodi ni muuguzi mmoja mzaliwa wa Nyakabanda, wa zile familia za Kiislamu ambazo Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Kwa wauguzi wengine ulimi wangu ulikuwa unajikwaa, kwake nilipumua. Muuguzi huyo ndiye Tanti Zaituni wako. Ndiyo. Kabla ya cherehani alikuwa muuguzi, miaka kumi na moja. Hukuwahi kuambiwa, kwa sababu angekueleza pia kwa nini aliacha.

Alinizungusha wodini siku tatu. Siku ya tatu akasimama kwenye kitanda cha mama aliyejifungua alfajiri ile, akamnyooshea kidole mtoto.

"Hapa mtoto iko siku nane hana jina," akasema. "Jina inakuja siku ya nane, nyumbani. Sasa kompyuta yako itaandika nani?"

Nilikuwa naijua kwita izina, huko kumpa mtoto jina, kama mtu anavyoijua sherehe ya jirani, kwamba kuna chakula, kuna vinywaji, unavaa vazi la mushanana, unarudi kwako. Kwamba desturi hiyo inaingia mpaka wodini, mpaka kwenye kikaratasi cha maabara, hilo halikunipitia akilini. Mimi mwenyewe nilipewa jina hospitalini Mwanza, kwa sababu nesi alitaka kujaza kadi. Wewe tulikuwa tunakuita Teta ukiwa bado tumboni, miezi sita. Kwa hiyo Zaituni aliponiuliza lile swali, mimi nilisikia habari ya nafasi tupu kwenye fomu. Na kwa nafasi tupu nilikuwa na dawa.

Dawa yenyewe ni ile ruwaza ya kitu tupu. Programu inapomtafuta mtu ikamkosa, badala ya kuanguka unaipa sanamu. Sanamu inakubali kila kitu na haifanyi chochote. Ukiiuliza kama mgonjwa ana mzio, inasema hakuna. Ukiipa taarifa, inajibu imepokelewa. Skrini haiwi nyekundu, hakuna anayepigiwa simu usiku kwamba mfumo umekufa. Na kwa kuwa haihifadhi kitu, huhitaji kuwa nazo nyingi, moja inawatosha wote. Nikaipa jina la Mgeni, nikajiona nina utu kuliko wale waandishi wa vitabu. Nikamwambia Zaituni kompyuta itaandika Mgeni.

"Mgeni iko kwa mlango," akanijibu. "Huyu iko kwa kitanda."

Nikacheka sana. Nilimwona mcheshi. Kwenye daftari jekundu hutaona jibu lake hilo mahali popote, ingawa niliandika mpaka rangi ya kuta.

Wiki za kwanza mfumo ulikwenda vizuri, maana zile karatasi za zamani zilikuwa bado zinatembea kutoka maabara hadi wodini mkononi mwa mtu. Uongozi ukafurahi, ukaziondoa karatasi. Nilisimama mbele ya wauguzi wote nikawaambia, skrini ikinyamaza, ujue hakuna tatizo. Maneno yangu hayo, nayasikia kwa sauti yangu.

Akazaliwa mtoto wa kiume, kifungua mimba wa mama mmoja kijana. Siku ya pili ngozi ikaanza kuwa ya njano kidogo. Zaituni hakupenda ile rangi, akamtoa damu, akaipeleka maabara mwenyewe, akamwambia mama aende nyumbani na jibu likiwa baya atapigiwa simu. Jibu lilitoka jioni, nalo lilikuwa baya. Maabara ikatuma. Mfumo ukauliza ni wa nani huyu, na kwa kuwa hana jina hana faili, ukamkabidhi Mgeni. Mgeni akajibu imepokelewa. Zaituni aliangalia skrini mara mbili kabla ya kumaliza zamu. Ilikuwa imenyamaza, naye akaiamini kwa sababu nilimfundisha kuiamini.

Siku ya nane ikafika. Unajua inavyofanywa, wewe umekwenda nyingi kuliko mimi. Watoto wa majirani wanaitwa, wanalishwa, kisha kila mmoja anamtajia mtoto jina analotaka yeye. Walimzunguka wakawa wanapiga kelele za majina, wanacheka, wanabishana. Mtoto hakushtuka. Bibi yake ndiye aliyeona. Aliwanyamazisha watoto, akapiga makofi karibu na sikio la mjukuu wake, akapiga tena. Baba mtu akampa jina lake haraka, Hirwa, wakamkimbiza hospitali mchana uleule. Aliishi, namshukuru Mungu kila siku. Lakini manjano yalikuwa yameshapanda kichwani, na masikio yalikuwa yamekwenda.

Tukaitwa kwenye kikao. Walitaka kujua kama onyo lilitumwa. Nikafungua laptopu mbele yao, nikatafuta siku ile, na pale palikuwa na kipimo, saa, na neno imepokelewa. Kila mtu mezani alilisoma. Saa ile mwenye zamu alikuwa Zaituni. Akasema hakuona kitu. Wakamuuliza tena, akasema tena, sauti imeshuka. Ndipo mkubwa wa kikao akanigeukia mimi, akauliza kama inawezekana mfumo unakosea.

"Mfumo unaandika kilichotokea," nikasema.

Nilijua, Teta. Usije ukanitafutia kisingizio kwamba sikujua. Kando ya lile neno panapaswa kuwa na namba ya mtoto, na hapakuwa na namba. Nilijua nani amejibu. Nilihitaji kushuka mstari mmoja tu chini, kwa kidole, pale palipoandikwa Mgeni, ili chumba kizima kione, nami nikafunga laptopu.

Kwa miaka nimejiambia niliogopa kwa ajili yako, kwamba ulikuwa na miaka tisa, kwamba baba yako hakuwa na kazi wakati ule, kwamba wenzangu ofisini wangekosa mkate. Yote kweli, na hakuna hata moja iliyonifunga mdomo. Niliupenda ule mchoro. Nilikuwa nimeuonyesha kwenye ukumbi umejaa watu, wakapiga makofi, wakaja kuniuliza maswali. Sikuweza kustahimili kuonekana mjinga. Hiyo ndiyo sababu nzima, na ni ndogo hivyo. Zaituni akaondolewa kazini kabla ya mwezi kwisha. Mimi nikabadilisha programu wakati wengine wamekwenda kula, nikawaambia nilikuta kasoro ndogo nimeirekebisha.

Nikasikia amerudi Nyakabanda, amekalia cherehani ya mama yake. Nikaenda kumwambia, naapa nilikwenda kwa hilo. Aliponiona alifurahi, akanipangusia kiti, akauliza habari zako. Nikasikia mdomo wangu unasema nimeleta sketi ya shule ya mtoto. Basi ikawa hivyo. Ulikuwa unaniuliza kwa nini tunavuka mji mzima na hapa chini ya nyumba yetu Kagugu wapo mafundi watatu, nami nakujibu kwamba mkono wake mzuri. Kila mwaka nilikwenda na nguo na maneno, nikarudi na nguo na maneno. Amekupima kila ulipokua. Unakumbuka ulivyokuwa unamtania kwamba anapima mara tatu kitu kilekile, kiuno mara tatu, mkono mara tatu, kama haamini futi yake.

Usifikiri sasa nitakuletea mfano wa fundi na mkasi na kitambaa. Nimeshasikia mihadhara mingi ya namna hiyo, inaniudhi. Nitakwambia nilichokiona kwenye kazi tu.

Mtoto anayesubiri jina hayupo nusu. Ana uzito, ana damu, ana mama, ana kitanda namba fulani. Kusubiri jina ni hali aliyomo, nayo ina mwanzo na ina siku yake ya kwisha ambayo ukoo mzima unaijua. Ningempa namba yake tangu pumzi ya kwanza, nikamfunga kwa mama yake, jina likija likawekwa juu ya yote yaliyokwishakuwepo. Ruwaza ya hali ilikuwa kwenye kitabu kilekile, kurasa chache mbele. Ingenichukua nusu siku. Mpaka leo nikioga naipanga upya ile nusu siku.

Na kitu tupu chenyewe si kibaya, nisikifanye shetani. Nimekitumia baadaye kwa printa iliyozimwa, kikanifaa. Ubaya ni kwamba kila ruwaza ilikuwa jibu la swali la mtu fulani, mahali fulani, na mimi nilibeba jibu nikaenda nalo wodini kabla sijasikia swali la wodi. Swali nilipewa wazi, kwa Kiswahili changu mwenyewe, na mtu aliyekuwa anajua. Nilikuwa Mnyarwanda nisiyeijua Rwanda, na mwenyeji alipotaka kunielekeza nikaona ananichekesha. Huko uendako watoto wanapata majina kwa namna zao, wengine wana la nyumbani na la hospitali, wengine sijui. Mimi sijui, nawe usijifanye unajua. Akitokea mtu wa wodi akakwambia kitu ukakiona kichekesho, hicho kiandike. Na chochote ulichojenga kikikujibu imepokelewa, kiulize na nani.

Jumatano nilikwenda na gauni. Alikuwa amepiga magoti anabana upindo, pini mdomoni, mimi nimelivaa kwa ajili yako kwa kuwa tunalingana kimo. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, nikiwa nimesimama ndani ya gauni lako namtazama utosi. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake.

"Ile neno, imepokelewa," akauliza, "ilikuwa ya mashine?"

Nikasema ndiyo.

"Basi sikuona," akasema. "Miaka yote hii nasema, labda niliona, nikasahau."

Hilo sikuwahi kulihesabu, mwanangu. Nilikuwa najua nimemnyang'anya kazi. Sikujua nimemnyang'anya macho yake. Walimuuliza mara nyingi mno, na neno lilikuwa pale limeandikwa, mpaka akaanza kuwasadiki wao. Aliniambia anaota yuko wodini amebeba beseni, skrini inawaka nyekundu, naye anapita. Anajiona anapita. Ameiota ndoto hiyo mpaka hajui tena tofauti yake na kumbukumbu. Ndiyo maana anapima mara tatu, Teta. Nimekaa kwenye kile kiti miaka yote nikicheka pamoja nawe.

Sikuomba msamaha kwa maneno mengi, nilisema mara moja nikanyamaza, maana niliona ningekuwa namtwisha kazi nyingine ya kunibembeleza. Alinivua gauni taratibu, pini zisinichome, akalikunja. Akasema upindo nitaumalizia mwenyewe. Nilipofika mlangoni akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema hapana.

"Umwambie mbele hajapanda ndege," akasema.

Ndiyo barua hii. Nyingine mbili nimeshaziandika, ya hospitali na ya mama yake Hirwa, zina jina langu kamili na ule mstari niliouficha. Jumatatu nazipeleka kwa mkono, na Zaituni amesema tutakwenda pamoja, ingawa alisema bila kunitazama. Sijui kitakachofuata. Ukiwa Nairobi ukisikia mama yako anasemwa, usibishane na mtu, watakuwa wanasema kweli. Na mchoro wako, ambao wameshaukubali, utabidi uwaambie una kosa, siku yako ya kwanza kazini, mbele ya watu wasiokujua. Najua ninachokuomba, maana mimi kilinishinda.

Limebaki moja. Wewe na baba yako mnanicheka kwamba nina tabia ya kukuita ukiwa mbele yangu palepale. Uko jikoni umenipa mgongo, nakuita. Tunatoka kanisani, umetangulia hatua tatu, nakuita, ukigeuka sina la kusema. Mmesema ni wivu, mmesema ni uzee. Ilianzia kwenye korido ya hospitali ile. Mwaka mmoja na kitu baada ya kikao nilikwenda kuwafungia mashine mpya, nikamwona mama kijana na mtoto anayejifunza kutembea. Mtoto alikuwa anaelekea dirishani. Mama akaita Hirwa, kwa mazoea tu nadhani, kisha akaita tena. Mtoto aliendelea na safari yake, mgongo mdogo wa sweta ya kijani. Ana miaka kumi na minne sasa, na jina lake hajawahi kulisikia. Tangu siku ile siwezi kuuona mgongo wako nikatulia. Nakuita, nahesabu moyoni, mpaka nione uso. Hujawahi kuniangusha hata mara moja. Unageuka, unasema, nini tena, mama.

Barua naiweka kwenye mfuko wa laptopu, juu ya mashine, uikute asubuhi unapohakikisha vitu vyako kabla hatujatoka. Kwenye gari sitakuuliza kitu, na baba yako atajaza ukimya kwa kurasa zake mbili. Kule uwanja wa ndege wa Kanombe sisi tutaishia nje ya mlango. Ukishachukua sanduku ukatupa mgongo, nitakuita, siwezi kujizuia. Utakuwa umeshajua ni nani anayekuita. Ukiweza, geuka.

Mama yako